Nafasi ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimeona jino la mtu juu ya theluji. Zima, na mzizi wake! Mlangoni pa ghala, hapa Rexdale, ughaibuni, saa nane kasorobo mchana. Wawili walipigania kugusa kadi kwenye mashine ya kuingilia. Mwaka jana walikuwa wanaingiza watu arobaini kila shifti. Sasa zimekuja mashine zinazobeba rafu zenyewe — wanaingia kumi na wawili tu, wa kwanza kugusa kadi. Waliobaki wapande basi la kwenda stesheni ya Kipling warudi kwao.

Nilikuwa wa tisa. Joaquim wa kumi. Tuliruka damu tukaingia.

Joaquim ndiye pekee ninayeongea naye Kiswahili pale. Mgoa wa Tanga, miaka sitini na moja. Alikuwa karani wa benki. Mimi nilikuwa karani wa madai ya bima miaka kumi na tisa, hadi programu ilipoanza kusoma mafaili bila mimi. Sasa tunapakia viatu, kwa nusu ya mshahara wa zamani.

Jumatano, 5 Februari

Nimepigwa kiwiko cha mbavu. Nikarudisha. Nilipomsikia yule bwana pumzi zikimtoka, nilifurahi. Ndiyo. Nilifurahi.

Marissa wa wakala wa ajira katoka nje na tangazo: wiki hii, atakayeingia siku zote tano anapewa ajira ya kudumu. Matibabu ya meno, likizo, kila kitu. Joaquim akaninong'oneza, tutaingia wote, ndugu yangu, tushikiane nafasi.

Mimi nina siku tatu. Yeye tatu.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya nne. Joaquim aliweka mgongo wake mbele ya wanaume wawili ili mimi nipite. Walimpiga ngumi za figo. Hakusogea. "Pita, Nadim! Pita!" Nikapita, naye akaingia wa mwisho. Baadaye alitoka chooni amepauka, akasema amekojoa nyekundu. Akacheka — eti ni viazisukari vyekundu alivyopikiwa na Laura, mkewe.

Ijumaa, 7 Februari



Theluji, basi likachelewa. Tulipofika, kumi na mmoja walikuwa wameshaingia. Nafasi moja! Nyuma yetu watu kama ishirini wanasukuma. Nikamwambia, nipishe Joaquim, binti yangu Zara yuko chuoni. Akasema, mimi nina miaka sitini na moja, nani ataniandika tena? Akakamata kofia ya koti langu, akanivuta. Kola ikanikaba.

Nilikuwa na chupa ya chai. Ya chuma, imejaa.

Nataka kuandika kwamba sikuona nampiga nani. Niliona. Nilimtazama usoni, nikampiga usoni. Mara mbili. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mfupa. Ya pili ilikuwa laini.

Akaangukia mkokoteni wa chuma ulioachwa pale mlangoni. Watu walimkanyaga. Mimi niligusa kadi — taa ya kijani.

Nikapakia viatu hadi mwisho wa shifti.

Jumamosi, 8 Februari

Chakula cha mchana kwa Shamir, Richmond Hill. Ni kaka yake Shafina, mke wangu. Anatunga programu kama ile iliyonitoa bimani. Wamempandishia mshahara tena. Akasema, huku anachota biriani: shemeji, kazi za katikati ndizo zinazokwisha, dunia nzima, mtu apande au ashuke. Nikamuuliza, apandie wapi? Akasema tatizo watu hawataki kujifunza.

Nilimrukia. Nikamkaba koo kwa mikono miwili, sahani zikapasuka, achari ukutani. Zara alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza. Shafina alinivuta nywele mpaka nikaachia.

Nilitaka waite polisi. Nilingoja kabisa! Shamir akasema, kwa sauti iliyokwaruzika, mpelekeni nyumbani, amechoka.

Jumapili, 9 Februari

Laura alipiga simu: njoo hospitali, anakuulizia wewe tu.

Jicho la kushoto limetolewa. Shavu limeshonwa. Laura alinikumbatia, akanishukuru — mimi! Akatoka kutafuta kahawa.

"Funga mlango," Joaquim akasema. Nikafunga.

"Nilikuona."

Nikasema nakwenda polisi sasa hivi.

"Ukienda nitakuua. Sikiliza, mpumbavu wewe. Wakisikia tulipigana, watasema ni ugomvi wetu, sitapata fidia. Nimeshawaambia wenye ghala niliteleza nikaangukia mkokoteni wao. Wao ndio waliouacha njiani. Jicho langu walilipe wao. Na wewe ndiye shahidi wangu."

"Joaquim, niombe kitu kingine chochote."

Akaviminya vidole vyangu mpaka vikalia. "Sikuombi, nakuagiza. Kaseme niliteleza. Halafu nisikuone tena maisha yangu yote."

Laura aliingia na vikombe vitatu. Nilikunywa changu.

Jumatatu, 10 Februari

Saa saba na nusu. Ofisi ya wakala, juu ya ghala. Marissa kaniwekea karatasi mbili. Moja ni mkataba wa kudumu. Ya pili ni maelezo ya Ijumaa, yamechapwa tayari: eti nilimwona Joaquim akianzisha ugomvi na mtu nisiyemjua. Nikamwambia hapana, aliteleza. Kisha akasema mkataba na maelezo vinakwenda pamoja, na kwamba nitazame dirishani.

Nimetazama. Wamejaa mlangoni. Mwanamke mmoja kaanguka, kashika mdomo, vidole vyekundu. Wanamruka. Wa nyuma yake amempiga teke la mkono ili apate pa kukanyaga.

Nimesema nipewe dakika tano. Nimetoa daftari hili ajue naandika, asinisemeshe. Kalamu yangu imegoma kwa baridi.

Marissa kanipa yake. Ndiyo hii naandikia sasa. Inateleza vizuri.

Anasema dakika tano zimekwisha. Amesogeza karatasi ya maelezo, kidole chake kiko kwenye mstari wa sahihi. Nimemwambia asubiri, nimalizie hapa