Siku Nilipowafuta Akina Mbise

Mjukuu wangu Anaeli,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Hapa Akheri sote wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini nguvu za kugombana na kuku bado anazo.

Unasema huko kazini Dodoma wamekuruhusu kuingia kwenye hifadhidata ya tovuti kwa kuandika amri, na unaogopa kuharibu. Umeuliza kama mimi niliogopa. Sikuogopa, na hapo ndipo nilipokosea.

Biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na baadaye chama chetu cha wakulima nacho kikapata tovuti, ili wanunuzi wa nje waone majina yetu. Karani nilikuwa mimi. Mzee Mbise mmoja akafariki. Nikafungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, nikaandika amri ya kumfuta Mbise, bila jina lake la kwanza, nikabonyeza. Jamani, huku kwetu nusu ya mlima ni akina Mbise! Wote wakatoweka, na nakala ya akiba hatukuwa nayo.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuwaandika upya. Baba yangu mzazi, naye Mbise, alinisubiri mlangoni.

"Karibu chai, mwanangu," akasema. "Sisi marehemu hatuna haraka."

Basi, kabla hujafuta, iambie mashine ikuonyeshe kwanza ni akina nani. Wasome wote, hata wakiwa mia. Mimi hadi leo, nikipewa orodha yoyote, macho yanatangulia kumtafuta baba.

Nakupenda mno,
Bibi yako