Mama Anakuja Sikukuu ya Boma

Jumanne, 9 Julai 1912

Upepo. Vumbi kwenye uji, vumbi kwenye maji, vumbi masikioni mwa Zena. Wifi Mwanahawa ameamka na maneno yake. Leo ni moshi: eti kuni za Ugogo zinatoa moshi kuliko kuni za Bagamoyo. Mwezi wa nne sasa tangu ateremke kwenye gari la moshi, na mzigo wake wa kwanza kuufungua ulikuwa mbuzi ya kukunia nazi. Dodoma hakuna nazi. Anaikalia tu, ananitazama ninavyosaga uwele.

Simpendi. Naandika hapa kwa sababu hapa hawezi kusoma. Yeye anajua herufi za Kiarabu, mimi nilifundishwa za misheni, na kila mmoja anamwona mwenzake hakusoma.

Mpiga mbiu wa boma la Wadachi amepita. Jumamosi ya tarehe 27 ni sikukuu, mavuno yamekwisha, watu wote wafike wafurahi. Asiyefika atakwenda kumweleza Bwana Mkubwa sababu. Sijapata kusikia amri ya kufurahi.

Alhamisi, 11 Julai

Mume wangu amerudi kutoka stesheni na habari zaidi. Yeye hupokea mizigo pale, husikia yote. Kutakuwa na kuvuta kamba, mbio za magunia, mlingoti uliopakwa mafuta na mbuzi kwa atakayeupanda, tarumbeta za askari. Majumbe wa kila upande wameambiwa walete ngoma. Akawataja. Akataja Kongwa.

Nilikuwa nakoroga mlenda. Nikauacha ukaungua.

Mama yangu yuko Kongwa. Miaka mitatu sijamwona. Nilipoolewa na Shabani, Mwislamu, mtu wa Pwani, alisema neno moja: "Umekwenda, basi." Harusi hakuja. Zena alipozaliwa nilipeleka salamu, hazikujibiwa. Mtoto ana miaka miwili, bibi yake hamjui.

Nimemwandikia mwalimu wa misheni kule amsomee Mama barua. Nimesema: njoo na watu wa ngoma, uje umwone mjukuu wako. Sikuomba radhi. Sijui kama nilipaswa kuomba.

Jumapili, 14 Julai

Siku yenyewe nimeipanga hivi. Kuku mmoja, yule mweusi. Ugali wa uwele, maziwa ya mgando, karanga. Tutakaa nyuma ya ghala la mizigo, ukuta unakinga upepo na uwanja unaonekana wote. Mama aione mbio ya magunia, maana alikuwa mtu wa kucheka. Kisha ale. Kisha nimpe mtoto. Turudi kabla Bwana Mkubwa hajaanza kuhutubia.

Wifi anasema mgeni wa heshima hupikiwa wali. Nikamwambia Mama hali chakula cha ndege. Akasema ndiyo maana mikono yangu migumu. Nikatoka nje kabla sijamrushia mwiko.

Jumatano, 17 Julai

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nilikuwa nimemwekea Mama doti ya kanga. Mpya, sijaikata. Leo naingia ndani namkuta Wifi ameivaa. Yake iliungua jikoni, Shabani akafungua sanduku langu akampa. Hakuniuliza. Nilipomwambia ni ya Mama, akajibu, "Kanga zipo tele madukani, dada yangu ni mmoja."

Dada yake ni mmoja. Na mama yangu je, ni wawili?

Sitasema naye tena. Nimekwisha sema.

Jumamosi, 20 Julai

Barua imekuja. Ameileta kijana wa misheni aliyepita na punda. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Mama anakuja. Mwalimu ameandika maneno yake yalivyo: "Nitamwona mtoto. Nikimpokea mtoto nimekupokea na wewe. Mkwe wangu akae na heshima yake, nami nikae na yangu."

Nimelia. Wifi akauliza kuna msiba gani, nikamwambia aangalie sufuria yake.

Kwetu maneno yale ya mwisho hayahitaji kufafanuliwa. Mkwe wa kiume haonani uso kwa uso na mama wa mkewe, hamshiki mkono, hali naye. Akimwona njiani hukata porini akapita mbali. Akimgusa ni kama amemvua nguo mbele za watu. Mama amebatizwa, anaimba kanisani, lakini hilo hajaliacha, na hakuna mama wa Kongwa aliyeliacha. Shabani hajui. Angejuaje? Kwao Pwani mkwe hupigiwa magoti na kubusiwa mkono.

Imenibidi nifikiri kama nimwambie. Sisemi naye, leo siku ya nne. Tena Jumamosi ile yuko zamu mchana kutwa, kuna gari la Wazungu kutoka Dar es Salaam. Hatakuwapo uwanjani. Basi ya nini kumwambia. Nimeiweka barua ndani ya Biblia.

Jumatatu, 22 Julai

Nyumba imenyamaza vizuri. Nikitaka kumwambia kitu nampa Zena. "Zena, mwambie baba yako uji uko tayari." Zena anasema, "Uji." Baba yake anakuja anakula.

Wafungwa wanafyeka uwanja wa sikukuu wakiwa na minyororo shingoni, askari kasimama na kiboko. Wameusimika mlingoti. Jioni mbwa walikuwa wanaulamba mafuta.

Shabani alikohoa mara mbili karibu yangu, kama mtu anayetaka kuanza. Nikachukua mtungi nikaenda kisimani. Mtungi ulikuwa umejaa.

Alhamisi, 25 Julai

Wananong'ona. Yeye na dada yake, uani, vichwa pamoja. Nikitokea wananyamaza, Wifi anavuta mdomo asicheke. Leo Shabani amerudi na bunda lililofungwa kwa karatasi chini ya koti, akalipitisha kwa dada yake kama mwizi.

Najua wananisema mimi. Nyumba yangu, moto wangu, na mimi ndiye mgeni. Akaniita, "Damari, kuhusu Jumamosi." Nikaingia ndani nikafunga mlango. Asikilize ubao.

Ijumaa, 26 Julai

Watu wa Kongwa wamefika, wamelala ng'ambo ya reli. Nimesikia ngoma zao, wanawake wanapiga. Nimemjua mpigaji kwa mkono wake, ni shangazi mmoja wa kwetu.

Sikwenda. Kesho ni kesho. Kuku nimemchinjisha. Wifi akataka kumnyonyoa, nikamnyang'anya.

Jumamosi, 27 Julai

Niandike mara moja, nimalize.

Asubuhi ilikuwa njema. Shabani aliondoka na nguo za kazi, nikaona Mungu ameniona. Nilitandika mkeka nyuma ya ghala. Zena nimempaka mafuta mpaka anang'aa. Tarumbeta, vumbi, watoto wanakimbia. Wifi nilimwambia aende kutazama mlingoti, akaenda kwa furaha, nikashangaa.

Mama akaja na wanawake watatu. Amekonda. Nikampigia goti nikamsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa." Akaitika. Hatukukumbatiana. Akakaa, akatazama magunia yanavyoanguka, na mara akacheka, kicheko kilekile cha zamani, mkono mdomoni. Nilitamani mbio ile isiishe.

Akala kidogo. Akasema maziwa mazuri. Kisha akamtazama Zena, ambaye alikuwa amejificha nyuma yangu. Akasema, "Nipe maji ninawe. Mjukuu hapokewi na mikono ya ugali." Nikammiminia. Zena nilikwisha kumbeba, namgeuzia.

Wakatokea kwenye kona ya ghala. Shabani mbele, kanzu nyeupe, kofia, amenyoa. Wifi nyuma yake na lile bunda, anatabasamu meno yote. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Wiki nzima wanapanga hilo. Ndani ya bunda mlikuwa na doti ya kanga nzuri kuliko ile yangu.

Sauti haikunitoka. Kitu kidogo tu, "Simama," nisingeshindwa kukisema. Lakini siku kumi nilikuwa sisemi naye, na ulimi ukawa kama umesahau njia. Akapiga magoti kwenye mkeka. Akamshika Mama mkono ule uliolowa maji, akaubusu mbele ya wanawake wote wa Kongwa.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Shabani, mwanao."

Mama aliuvuta mkono kama umeungua. Akajifunika uso kwa nguo yake yote. Wale wanawake wakasimama wakamzunguka, migongo kwetu. Mmoja, yule shangazi wa ngoma, akanigeukia akasema kwa Kigogo, pole pole, "Mumeo hukumfundisha?"

Nikamfuata Mama na mtoto mikononi. Sikuona uso wake tena. Chini ya nguo akasema, "Mrudishe mtoto nyumbani, Damari. Kuna upepo."

Hakumgusa.

Kabla ya adhuhuri watu wa Kongwa walikuwa wamefunga ngoma zao. Askari aliwauliza wanakwenda wapi na sikukuu haijaisha, jumbe wao akasema kuna mgonjwa.

Nimemtukana Wifi barabarani, watu wanasikia. Mchawi, mbea, mvunja nyumba. Akasema huku analia, "Kwetu mkwe asiposalimiwa ametukanwa. Mimi ndiye niliyemwambia aje. Nilitaka usimame vizuri kwa mama yako." Shabani alisimama kando yake. Alikuwa bado amezishika zile kanga, ana vumbi magotini. Nawachukia wote wawili. Nalichukia boma na tarumbeta zake.

Jumapili, 28 Julai

Siendi kanisani.

Nimeitafuta barua kwenye Biblia. "Mkwe wangu akae na heshima yake." Mama alimwachia mkwewe nafasi ya heshima, akanipa mimi nimpelekee. Nikaificha.

Wifi hakujua. Shabani hakujua. Katika nyumba hii aliyejua ni mmoja.

Jumanne, 30 Julai

Upepo umepungua. Wifi ameamka mapema akakoka moto bila neno. Macho yake yamevimba. Nikampa uji, akapokea. Nikamwambia moshi leo ni mwingi kweli. Akasema, umezidi.

Shabani alikuwa zamu ya jioni, kwa hiyo asubuhi alikuwapo, ameketi kizingitini anashona kiatu. Niliinjika maji ya kumwogesha Zena. Kisha nikakaa karibu naye na barua. Nikamsomea. Nikamweleza mkwe wa kwetu anavyokaa na mama wa mkewe, na kwamba nilijua tangu tarehe ishirini, na kwamba nilinyamaza kwa ajili ya kanga.

Aliendelea kushona. Baadaye akasema, "Mimi niliona ananikataa kwa sababu ya dini."

Nikasema hapana. Nikasema alikuwa ananawa mikono ampokee Zena.

Akauliza kwetu mtu aliyekosa hivyo hufanya nini. Nikamwambia humtuma mtu wa makamo na mbuzi, yeye mwenyewe haendi, na mbuzi akirudishwa hungoja mwaka, hutuma tena. Akauliza mbuzi wa rangi gani. Nikamwambia. Akauliza kama na mimi nitatuma wangu. Nikasema ndiyo, wangu ndiye mkubwa.

Nilipoinuka kwenda kumwogesha mtoto, maji yalikuwa bado hayajapata moto.