Ukurasa Niliougeuza Mimi

Dada yangu wa stendi moja,

Na jengine, ambalo sikuwahi kukwambia juzi kabla simu haijakatika, ni kwamba ile alama ya shingoni haikutoka. Siku tatu nilisingwa kabla ya harusi, kwa liwa na maua, na bibi aliyekuja kunisinga alipoifikia, hapa chini ya taya la kushoto fidla inapokaa, aliisugua mpaka nikaona nyota.

"Hii nini hii, mwanangu?"

"Fidla, bibi."

"Fidla inang'ata?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, kisha nikakutafuta kwa macho, maana ungekuwepo ungeinua shingo yako ukamwonyesha na ya kwako, ukamwambia sote tumeng'atwa na mnyama mmoja. Hukuwepo. Ulituma udi kutoka kwenu Sur na maneno matamu kwenye simu, ukasema huwezi kumwacha mama yako peke yake. Nilikuamini nusu. Ile nusu ya pili ndiyo inayoniandikisha barua hii.

Lakini niache kwanza niseme furaha yangu, kwa sababu wewe ndiye mwenye haki ya kuisikia kabla ya watu wote. Nimeolewa, dada Zuwena. Najiambia maneno hayo nikiosha vikombe viwili vya chai, na vikombe vyenyewe naviona vizuri kuliko vikombe vyote vya Nizwa. Haitham anarudi kutoka karakana yake ya Firq, nguo zimejaa vumbi la mashine za AC za watu, nami naona hakuna bwana harusi aliyewahi kupendeza hivyo. Akinunua samaki ananiuliza mbele ya muuzaji, "Bibi harusi, tuchukue huyu?" Muuzaji ameshazoea. Sasa na yeye ananiita bibi harusi, na ananichagulia samaki aliye mbichi zaidi.

Na nisijifanye nimesahau nani aliyetukutanisha. AC ya ukumbi wa mazoezi ya okestra yetu ilipokufa katikati ya joto, nyuzi zikawa zinalegea kila baada ya dakika kumi, ni wewe uliyesimama mbele ya maestro, mwongozaji wetu, ukasema ama aje fundi, ama wewe uende nyumbani, kwa sababu fidla yako inalia kama mbuzi wa soko la Sinaw. Fundi akaja na ngazi yake. Tukapiga kipande kizima, tukakirudia, na yeye bado yuko juu ya ngazi, bisibisi mkononi. Ukaniinamia ukasema, "Huyo fundi amemaliza zamani. Anatengeneza nini huko juu?" Niligeuka. Alikuwa ananitazama mimi. Mpaka leo nikimuuliza alikuwa anatengeneza nini, anasema alikuwa anasikiliza fidla za pili. Muongo. Nani husikiliza fidla za pili, zile za kusindikiza?

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba zisikilizwe au zisisikilizwe, zipigwe sawasawa. Nilitoka skuli Ibra nikiwa na cheti cha sekondari na hamu tu, na baba alikubali niingie okestra ya mkoa kwa sharti moja. "Ataenda akiwa na Zuwena, atarudi akiwa na Zuwena." Wakati ule ulikuwa ukikaa Ibra kwa mjomba wako. Kwa miaka mitano kazi yangu yote ilisafiri ndani ya gari lako jeupe, Ibra mpaka Sinaw, Sinaw mpaka Nizwa, na wasichana wengine wa mikoa yetu wakiolewa na kuziacha fidla mmoja baada ya mwengine, wewe ukisema, "Sisi wawili tutazeeka hapa, mpaka watutoe na viti vyetu."

Unakumbuka mkahawa wa Sinaw? Hatukuthubutu kuziacha fidla ndani ya gari kwa lile jua, gundi ingeyeyuka, basi tulikuwa tunaingia nazo, tunaagiza chai mbili na viti vinne. Siku ile bibi wa kibedui, burqa usoni, kamba ya mbuzi wake mkononi, alisimama mlangoni akauliza tumebeba nini. Ukamwonyesha. Akauliza inachukua muda gani kujifunza.

"Mimi mwaka wa kumi na mbili, bibi, na bado najifunza."

Akakutazama kwa huruma. "Miaka kumi na mbili? Huyu mbuzi wangu siku mbili tu ameshajua jina lake."

Tulicheka mpaka tukafika Nizwa. Najua na wewe sasa unacheka, na ninataka uwe umecheka kwanza, kwa sababu linalofuata halichekeshi.

Najua mama yako atataka kusomewa barua hii, na hajui tunavyokaa kazini, basi nimweleze. Wapiga fidla hukaa wawili wawili, stendi moja ya kuwekea nota, nota moja. Wa upande wa nje, ulioelekea watu, ndiye mkubwa. Wa upande wa ndani ndiye anayegeuza kurasa. Ukifika mwisho wa ukurasa, wa ndani anaacha kupiga, anageuza, na wa nje anaendelea bila kusita, kwa sababu anamwamini. Wewe ulikuwa wa nje, kiongozi wa fidla zote za pili. Mimi nilikuwa wa ndani. Uliniambia siku ya kwanza, "Wewe nitazame nyusi. Zikipanda, geuza." Katika miaka mitano nyusi zako hazikunidanganya hata mara moja. Mimi ndiye niliyezidanganya.

Ilikuwa Sur, kwenu, katika tamasha letu la kwanza huko. Mama yako alikaa mstari wa mbele na majirani zake. Na wiki ileile ndugu zake Haitham walikuwa wamekuja kuniposa. Hina yangu ilikuwa mpya, na mavyaa, mama yake Haitham, alikuwa amesafiri kutoka Nizwa kuja kunisikiliza kwa mara ya kwanza. Nilitaka hina ikolee. Mchana ule ndani ya gari nikapaka mafuta ya karafuu vidoleni, kama tunavyofanya sote. Uliniambia, "Futa mikono, we bibi harusi." Nilifuta. Lakini mafuta ya karafuu hayatoki kwa kufuta mara moja, na nilipozipekua zile nota kabla hatujaingia jukwaani, pembe za kurasa zilinywa mafuta, zikagandana.

Ukurasa uliotakiwa kufuata, sisi tulikuwa tunyamaze, tuiachie filimbi ipige peke yake. Ukurasa wa baada yake ndipo tulipopaswa kuingia kwa nguvu. Nyusi zako zikapanda. Nikageuza. Nikageuza kurasa mbili kwa pamoja.

Hukusita. Uliingia kwa nguvu zako zote juu ya ile filimbi, na nusu ya fidla za pili zikakufuata kwa sababu zimezoea kukufuata, na nusu zikabaki kimya, na kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka, hakuna aliyejua tuko wapi. Maestro akatukusanya kwa mkono, tukamaliza. Watu walipiga makofi. Mama yako alipiga makofi. Uso wako ulikuwa kama karatasi.

Nyuma ya pazia maestro akauliza kwa sauti ndogo, ile inayotisha zaidi, "Nani?" Ukanitazama, dada. Sijausahau mtazamo ule. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa unanipa nafasi. Na mimi nilimwona mavyaa anakuja na maua mkononi, nikafikiri, akisikia kwamba mchumba wa mwanawe ndiye aliyeharibu, mambo yataishia hapa hapa, nikajifanya nafunga sanduku la fidla. Ndipo uliposema, "Mimi, maestro. Nimeingia mapema."

Wiki iliyofuata walikuweka stendi ya mwisho. Wiki ya pili ukaomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mama. Na kiti chako cha nje nikapewa mimi. Miezi mitano nimekaa juu yake, dada. Watu wakaniambia hongera, nami nikasema ahsante.

Nilidhani harusi itanisahaulisha. Siku za fungate, asubuhi moja, wifi yangu aliniletea kichupa cha mafuta ya karafuu anipake vidoleni, na harufu yake tu iliniliza. Haitham alidhani ameniudhi. Masikini, aliomba radhi kwa mambo matatu ambayo hakuyafanya. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mimi nikifunga AC vibaya ikavuja, siwezi kumwacha mwenye nyumba aambiwe yeye ndiye aliyemwaga maji. Narudi na ngazi yangu." Nilimpenda upya siku ile, na nilikuwa nimeshampenda sana.

Tukaenda kwa mavyaa. Nilimwamkia shikamoo, nikambusu mkono, nikakaa chini mbele yake, nikamwambia kwamba siku ile Sur mimi ndiye niliyeharibu na dada yangu akabeba. Akaweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Kumbe mlikosea?"

"Ndiyo, mavyaa."

"Mie nikadhani ndivyo muziki wenyewe ulivyo."

Haitham alitoka nje ili asicheke mbele yangu. Mimi sikujua nicheke au nilie. Kwa hofu ya bibi huyu nilikuacha upoteze kiti chako, na yeye hata hakusikia kosa. Kisha akaniuliza, na safari hii hakuwa na mzaha, "Na huyo Zuwena umeshamwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Basi wanitubia mie kwa nini? Nenda kwake."

Alhamisi, kabla ya mazoezi, nilisimama. Nilisema kwa Kiarabu, mbele ya okestra nzima, kwamba kurasa mbili nilizigeuza mimi, kwa vidole vyenye mafuta ya hina yangu, na kwamba Zuwena alipiga kilichokuwa mbele ya macho yake, kama kazi yetu inavyotaka. Mpiga filimbi, ambaye ndiye hasa tuliyemwingilia, akasema polepole, "Miezi mitano nimekuwa namkasirikia mtu siye." Nikahama kiti cha nje, nikakaa pangu pa ndani. Barua hii pia nimeibandika kwenye ubao wa ukumbi, walio wa nyumba zinazosema Kiswahili wawasomee wenziwao wa Kiarabu, asije mtu akasema nimeungama kwa sauti ya chini.

Maestro alinikalisha baada ya mazoezi. Sitakuficha: alinikaripia, na nilistahili. Lakini akasema hajapata usingizi mzuri tangu ulipoondoka, kwa sababu fidla za pili zimekuwa kama nyumba isiyo na mtu. Alisema kiti cha nje kitabaki wazi mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo lazima aweke mtu, tunaanza kutayarisha tamasha jipya. Akaongeza, "Mwambie asije kuomba radhi. Aje na fidla."

Sasa nakusikia ukisema vidole vimesahau, mama anakuhitaji, mambo yale yamekwisha. Dada, nilizungumza na mama yako. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyempigia. Kasema hali yake ni nzuri, anapika mwenyewe, na kwamba kila akiingia chumbani kusali, anakusikia unapiga jikoni polepole, na yeye huongeza rakaa za sunna ili usiache. "Siku hizi nasali mpaka magoti yananiuma," aliniambia, "njoo umchukue mwenzio." Na juzi kwenye simu, baada ya kuniuliza habari za harusi na za nyumba mpya, uliniuliza kama bado tunafanya mazoezi Alhamisi. Mtu aliyeacha haulizi hivyo. Nilitaka kukujibu, ndipo simu ikakatika.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Ukiwa na maneno makali, na unayo haki, niwekee, nitakuja kuyasikiliza nimekaa. Haitham ameshaomba siku mbili kwa mwenzake wa karakana. Mavyaa anatayarisha kapu la halua na tende kwa mama yako, na anasema na yeye atakuja, kwa sababu anataka kumwona huyo aliyekubali kosa lisilo lake. Nota za tamasha jipya nimezinakili zote, yako na yangu, na mikono nimeiosha kwa sabuni mara tatu kabla ya kuzigusa.

Huna haja ya kujibu sasa. Ijumaa ya mwisho, kabla mwezi mwengine haujaandama, baada ya sala, tutabisha hodi kwenu Sur. Usipotoka, nitakaa barazani kwa mama yako na kupiga fidla za pili peke yangu, vibaya, majirani wote wasikie, mpaka ushindwe kuvumilia utoke kunisahihisha. Nakuja, dada. Mwezi huu hauishi sijafika.

Mdogo wako anayekaa upande wa ndani