Mti Niliouonyesha

Kibomet, Kitale
8 Desemba 2024

Kwa kaka yangu Hesbon,

Pokea salamu nyingi. Mimi ni mzima wa mwili. Wewe je, na Linet na watoto hapo Lugulu? Mgongo umepoa? Usishangae kuona barua na simu iko. Kwa simu ningelia tu, nawe ungekata ukidhani ni mtandao.

Kaka, ni juu ya kaburi la Mama. Unakumbuka alisema alazwe kando ya mtoto wake wa kwanza, yule aliyezikwa hapa kabla hatujazaliwa, chini ya mplamu alioupanda mwenyewe. Sisi tulilelewa Lugulu, Mama akarudi huku uzeeni; shamba hili hatukulijua. Siku ya kuchimba, mwezi wa saba, miti miwili ilisimama bila jani hata moja, na kaburi la mtoto lilikuwa limesawazika, halionekani. Wazee wakaniuliza ni upi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuja kumuuguza. Nikaonyesha wa karibu na nyumba. Ule mwingine vijana wakaukata, ukawa kuni za kupikia waombolezaji.

Wiki iliyopita mti wa kaburini ulianza kuivisha. Matunda yana manyoya, kaka! Majani ni marefu, membamba. Nikamwita jirani yetu Jepchumba, anayeuza matunda Tuwan. Alishika moja tu akasema hiyo ni pichi. Plamu ina ngozi laini, na unga mweupe unaofutika kwa kidole. Nikampeleka kwenye kisiki kule chini. Kimechipua. Akachuma jani, pana na fupi, lenye meno madogo pembeni, akaniambia huo ndio mplamu. Niliketi hapo hapo kwenye tope.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Wazee walipouliza kama Mama alinionyesha, nilisema ndiyo. Nilidanganya. Mwezi wa tano aliniomba nimshike mkono twende akanionyeshe. Nikamwambia kesho, nina nguo za kufua. Akaomba tena. Nikasema kesho. Hakuinuka tena kitandani. Niliona aibu mbele ya watu, Hesbon, na kwa aibu hiyo nimemzika Mama mbali na mtoto wake.

Kisiki nimekizungushia miiba, mbuzi wasile. Kumhamisha Mama siwezi kuamua peke yangu. Njoo, hata kama ni kwa hasira. Ila ukifika, tafadhali, usiniambie pole.

Nisalimie Linet na watoto. Mungu awatunze hapo nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Nasambu