Levis Hakuuawa na Breki

Kumbukumbu ya Levis Okumu Rateng', 1978 – 13 Machi 2015

Mwaka unatimia, Levis, tangu Ijumaa ile ulipotoka kwa dada yako Akinyi, mtaa wa Muaither, Doha, baada ya chakula cha mchana, ukamwambia akuwekee ukoko wa wali, utaurudia jioni. Ukoko aliuweka. Ulikaa kwenye sufuria siku tatu kabla ya mtu kuwa na moyo wa kuisugua.

Familia nyingine huandika kumbukumbu kwa machozi. Sisi ya kwetu yaliisha mwezi wa tano. Kilichobaki ni hasira, na hasira ya watu wa kwenu unaijua: haina haraka, lakini haipotei njia.

Tuanze na breki, maana ndizo zilizokuchafulia jina.

Ulikuwa hata hujabalehe, pale nyumbani Awendo, ukiwatengenezea wakata miwa breki za baiskeli. Mama alikuwa akikuta raba za breki kwenye bakuli la sukari. Mtu akipita na baiskeli isiyosimama ulikuwa unamzuia barabarani kama polisi, tofauti ikiwa moja tu: wewe hukuomba kitu kidogo. Na ulipokuja Doha mwaka 2005, ukaingia gereji ya pikipiki kule Industrial Area, hakuna chombo kilichotoka mikononi mwako kabla hujakipeleka mpaka getini na kukisimamisha mara tatu. Mara tatu! Wateja walikuwa wanakereka. "Kenya, yalla, inatosha!" Wewe unajifuta mikono taratibu kama bibi harusi. "Ndugu yangu, kwenda ni rahisi. Kazi ni kusimama."

Halafu mtu huyohuyo, Ijumaa ikifika, anapanda pikipiki isiyo na breki hata moja.

Tulikucheka sana, na wewe ulifurahi tukikucheka. Yule fundi mzee Mpolandi wa gereji yenu ndiye aliyekuambukiza mchezo huo. Nyuma ya magereji mlikuwa na uwanja wa mchanga wenye umbo la yai, mkiumwagia maji ya tangi ili ushikamane. Waendeshaji wanne, mizunguko minne, gia moja, kona za kushoto tupu. Kwenye kona gurudumu la nyuma linatupwa nje na mguu wa kushoto unaburutwa chini, ndiyo maana kiatu hicho kimoja hufungwa soli ya chuma. Breki hazikuwekwa kwa makusudi, ulitueleza mpaka tukachoka: mmoja akisimama ghafla mbele, wa nyuma watampanda mgongoni. Ukitaka kupunguza mwendo, unafunga mafuta. Ukitaka kusimama papo hapo, unailaza pikipiki chini na kwenda nayo popote itakapokupeleka.

Wewe ndiwe mtu wa kwanza wa kwetu kuugusa mchanga ule, mwaka 2006. Siku ya kwanza ulianguka mara tano. Ulifika kwa Akinyi shavu la kushoto kama karoti iliyokwaruzwa. Alikusafisha kwa ile dawa inayochoma, kwa kusudi, bila kupuliza.

"Huu wazimu wako ni wa kila siku au una ratiba?"

"Wa Ijumaa tu, nyaminwa, dada yangu. Aii! Pole pole!"

"Pole pole ungeanza nayo wewe kule."

Na mwaka 2009? Likizo ya kuja nyumbani, ukaenda kuila Poland! Mpolandi alikualika kwenye klabu ya kwao, na sisi hukutuambia mpaka ulipofika. Mama alikuwa ameshamfunga jogoo mguu. Ukapiga simu meno yanagongana.

"Mama, niko kwenye baridi."

"Baridi ya wapi, Awendo jua linawaka?"

"Ya Ulaya, Mama."

"Na jogoo?"

Jogoo alimla peke yake, kwa hasira, mpaka shingo. Kule kwa Wapolandi ulishindana mara tano. Mara nne ulikuwa wa mwisho, na ya tano ukawa wa tatu kwa sababu mmoja alianguka. Siku hiyo ya tano ulipigwa picha juu ya pikipiki, umecheka kama umechukua kombe la dunia. Ukarudi na kiatu halisi cha chuma, kilichopigwa kwa kipimo cha mguu wako. Ulikipaka mafuta kuliko ulivyojipaka mwenyewe, na kilikaa chini ya kitanda chako miaka sita.

Hukuwa mchoyo wa ulichojua. Laban, yule askari wa duka la Al Sadd, alipokuja kuomba umfundishe mwaka 2013, Ijumaa mbili nzima ulimfundisha kuanguka tu. Akalalamika, "Bro, nimekuja kuendesha." Ukamwambia, "Kuendesha utajifunza ukiwa hai, omera."

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Jioni ile Philip, msimamizi wa gereji, alimpigia Akinyi akamwambia umefariki. Alisema umechukua pikipiki ya mteja, ukaijaribu uani, breki zikagoma, ukaupiga ukuta. Akinyi alipofika gereji, Laban alikuwa kando ya Philip, mkono wenye bandeji, akitikisa kichwa kukubali kila neno. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi. Ndivyo ulivyofika Awendo.

Kwenye mazishi yako, karibu na masufuria, mwanamume mmoja alisema kwa sauti, sahani yetu ikiwa mkononi mwake: "Fundi wa breki, ameuawa na breki." Wengine wakacheka chinichini. Mama alisikia. Tangu siku hiyo baiskeli ikilia breki pale barabarani, Mama huinuka kwenye kiti chake akaingia ndani.

Hilo ndilo tulilokuwa tumebeba mwaka mzima. Kufa tungekusamehe. Lakini kumwacha Mama aamini kwamba mikono yako ilikosea kazi yake yenyewe?

Akinyi hakuamini hata siku moja. Sanduku la vitu vyako lilipoletwa alikagua kimoja kimoja: suruali tatu, Biblia, redio, kandambili, picha ya binti yako Melissa akiwa hana meno ya mbele. Kiatu cha chuma hakikuwemo. Mtu anayejaribu pikipiki ya mteja hafungi kiatu cha chuma. Kama ni kweli ulikufa hivyo, kiatu kingekuwa chini ya kitanda. Akaenda kukiulizia. Akaenda tena.

"Kiatu gani, sister?" Philip akamwambia. "Watu huvaa viwili."

Mara ya tatu, mwezi wa nane, alikukuta wewe mwenyewe. Umebandikwa kwenye mlango wa karakana, mkubwa kama mgombea ubunge, na maandishi mekundu juu ya kichwa: KAGUA BREKI. USIWE KAMA LEVIS.

Akinyi ni muuguzi. Ameona mengi akasimama wima. Hapo alishika mlango.

"Ni mafunzo kwa vijana, sister," Philip akasema. "Levis mwenyewe angependa."

"Picha hii mmeitoa wapi?"

"Kwenye simu zetu. Ni nzuri, anacheka."

Ilikuwa ya Poland, Levis! Wameikata kiunoni, lakini mikono wameiacha juu ya usukani. Upande wa kushoto unaonekana mkono wa klachi. Upande wa kulia, panapokaa mkono wa breki, hakuna kitu, ni chuma kitupu. Wamemchukua mtu aliye juu ya pikipiki isiyo na breki, wakambandika awe onyo la breki, na mafundi ishirini wanapita hapo kila asubuhi hakuna hata mmoja aliyefungua macho!

"Nionyeshe breki hapo, Philip."

Philip akatazama, akatazama tena. "Picha imekatwa."

"Imekatwa kiuno. Vidole vyake vyote kumi naviona."

Akamwambia atoke, kuna kazi.

Wiki mbili zilizopita Laban alibisha mlango kule Muaither, sisi wa Doha tukiwa tumekaa na Akinyi, na mfuko wa supamaketi mkononi mwake. Mkataba wake umeisha. Tiketi ni ya Jumapili tarehe 13 Machi. Akinyi hakumkaribisha kiti. Laban aliutua mfuko mezani ukalia kwa kishindo, na kabla haujafunguliwa Akinyi alishajua ni kiatu.

"Ulikuwa nacho wapi?"

"Kwangu. Nilimfungua mguuni kabla gari la wagonjwa halijaja. Philip alisema uwanja hauna kibali, polisi wakijua tulikuwa tunashindana tutapandishwa ndege sote. Akasema tuseme ni breki. Dada Akinyi, niliogopa."

"Kuogopa nimeelewa. Niambie alivyokufa."

Mzunguko wa tatu, alisema. Yeye Laban alikuwa mbele yako, akateleza kwenye kona, akaanguka katikati ya njia na pikipiki juu ya mkono wake. Ulikuwa hatua chache nyuma. Kupita ndani hapakuwa na nafasi, na nje kulikuwa na ukuta. Ungekwenda moja kwa moja ungempanda.

"Nilimwona, dada. Alinitazama kabisa. Halafu akailaza, upande wa ukuta. Aliilaza vizuri, kama alivyonifundisha."

Kwa hiyo ulisimama. Hiyo ndiyo habari. Kwenye chombo kisicho na breki, ulisimama, kwa njia pekee iliyokuwepo, na mtu uliyesimama kwa ajili yake akaenda kusema breki zilikushinda.

Tungempiga. Tunaandika ukweli hapa, si mahubiri. Akinyi alikishika kile kiatu akakiinua, na Laban hakujikinga. Kisha akakiweka chini akachukua simu, akampigia Mama, akaweka sauti kubwa.

"Mwambie yeye. Uliyoniambia mimi. Neno kwa neno."

Laban akasema. Akafika pale kwenye kona, akakwama, Akinyi akamwambia endelea, akaendelea.

"Kwa hiyo aliiangusha mwenyewe," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama. Kwa kutaka."

"Haikumshinda?"

"Haikumshinda."

Mama akaita kwa nguvu, "Melissa! Njoo hapa ukae." Halafu akamwambia Laban, "Sasa anza upya. Mtoto asikie."

Akaanza upya, huku akilia. Tukamwacha alie.

Mama amemsamehe, Levis. Alimuuliza hata kama amekula. Sisi wengine hatujafika huko, na usituharakishe.

Imebaki picha. Laban alienda mwenyewe kuiondoa, akafukuzwa getini. Basi, Philip, hii usome mpaka mwisho, na wote mnaopita mlango huo mmsomee kama hana miwani. Ijumaa tarehe 11, saa kumi alasiri, tutakuwa getini. Hatuji na fujo. Tunakuja na Laban, na mbele ya mafundi wote atasema alichomwambia Mama, kisha picha ataibandua kwa mikono yake. Geti likiwa limefungwa atayasemea nje, na sauti anayo.

Tumempa sharti moja tu. Atakifunga kile kiatu mguu wa kushoto, atembee nacho kutoka barabarani mpaka mlangoni, juu ya sakafu ile ya saruji, ili kila mtu asikie anavyokuja.

Wanaokukumbuka ni mama yako Rosbella Rateng', anayeketi nje tena jioni, mkeo Scovia, binti yako Melissa, ambaye amekwishafungua breki za baiskeli ya jirani bila ruhusa, dada yako Akinyi, na ukoko wake, na ukoo wote wa Rateng', Awendo na Doha.

Levis, hatutakusahau siku zote za maisha yetu, na hatutamruhusu mtu akukumbuke vibaya.