Swali Nililomuuliza Daktari

3 Machi

Binti yangu mpendwa, Refa wetu wa nyumbani,

Salamu nyingi. Natumai wewe, mumeo na wajukuu zangu hamjambo. Mimi sijambo kidogo, kama wasemavyo wagonjwa wasiotaka kutisha watu. Ukweli ni kwamba koo limeziba. Sauti iliyokuwa ikijaza mahakama na mikutano ya kampeni imebaki mnong'ono, na simu hainifai tena. Kwa kawaida mama yako ndiye huandika barua kwa niaba yangu. Hii naiandika mwenyewe akiwa sokoni, na muuguzi ataiposti; majibu yako nayo yapitie kwake.

Siku ya mazishi yangu watasema: wakili, mbunge, mwenyekiti wa klabu, mtu aliyependa michezo na familia yake kuliko kitu chochote. Hawatakuwa wamedanganya. Ila kuna kifo cha kaka yako.

Unajua wanachojua wote. Kishada alianguka uwanjani mwanzoni mwa fainali, mpira ukiwa upande mwingine kabisa, na ikasemekana daktari wa timu alimruhusu kijana mwenye moyo mbovu acheze. Daktari akafukuzwa klabuni, akanyang'anywa leseni.

Daktari hakumruhusu. Wiki ile ya fainali alikuja ofisini kwangu chini ya jukwaa, akafunga mlango. "Mwenyekiti, moyo wa mwanao haupigi vizuri. Asicheze. Asikimbie hata kuwahi basi." Nikamwambia nitazungumza na kijana mwenyewe, kama baba, na kwamba asiandike kitu kwanza, magazeti yasije yakanusa. Aliniamini.

Sikuzungumza na kijana. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, na picha yetu ilibandikwa kila ukuta wa jimbo, baba na mwana, mpira katikati. Nilijiambia, mechi moja tu, kisha nampumzisha. Asubuhi ile akaniambia anasikia kizunguzungu. Nikamtania: "Wasiwasi wa fainali huo, bwana mdogo. Kunywa maji." Akacheka.

Mbele ya kamati ya uchunguzi niliomba nimhoji daktari mimi mwenyewe. Nani angemkatalia baba mfiwa? Nilimuuliza: "Una maandishi yoyote kwamba ulimzuia?" Katika kazi yetu hatuulizi swali tusilojua jibu lake. Akasema, "Sina."

Kiti cha ubunge nilikipata kwa kura za huruma.

Madaktari hawaniahidi mwezi wa sita. Njoo nikuone. Sina ombi jingine.

Ni mimi,
Baba


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Watoto ni wazima, baba yao yuko safarini kikazi. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika matusi.

Nilipokuwa msichana wa shule nilivunja dirisha la yule daktari kwa jiwe. Mkewe alitoka na ufagio, akazoa vioo, hakunitukana. Nilipofika nyumbani ulikuwa umeshasikia. Ukanikumbatia. Nilidhani unanisamehe.

Mama mpaka leo huzunguka mtaa mzima asipite mbele ya duka la dawa alilofungua yule daktari baada ya kufukuzwa. Akimtaja ni "yule muuaji". Anakunyoa, anakugeuza kitandani, anakupangusa, huku akimlaani mtu asiye na kosa, na wewe umelala hapo unamsikiliza.

Mimi umeniambia kwa kuwa niko mbali. Mwambie mama. Ukimwambia nitakuja, nakuahidi. Usipomwambia, sitakuja hata kuzika.

Mwanao


6 Aprili

Refa,

Nimefurahi kusikia watoto ni wazima. Mimi sasa nameza maziwa tu, tena kwa kijiko.

Mbona unanibana hivyo? Mama yako ana presha. Mumewe akiwa mbaya, amebakiwa na nini? Na ukweli huo utamrudisha Kishada? Niache nife yeye akiwa kando yangu. Nikishazikwa, mweleze wewe, taratibu, kwa maneno yako. Wewe anakusikiliza. Nasema haya kama mzazi, si kama wakili.

Baba


20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Pole na maumivu.

Ungekuwa mahakamani ungenishinda. Lakini unataka nikae mimi mbele ya uso wa mama, wewe ukiwa umeshatoka. Ulimwacha daktari asimame peke yake. Sasa zamu yangu?

Niliyoahidi ni yale yale.

Mwanao


14 Mei

Binti yangu,

Hamjambo? Mkono umechoka, nitasema yaliyotokea tu.

Nimemwambia. Alikuwa ananinyoa. "Tulia, Mheshimiwa, nisije nikakukata. Kampeni zimeisha, huna wa kumchekea." Nikamshika mkono. Akadhani naomba maji, akaleta kikombe. Nikatikisa kichwa. Akainamisha sikio mdomoni kwangu, nami nikanong'ona. Hakusikia vizuri. "Nani? Daktari kafanya nini tena?" Ikabidi nirudie, kuanzia mwanzo.

Hakupiga kelele. Alisuuza wembe, akaukausha, akaurudisha kabatini. Upande mmoja wa uso wangu ulikuwa bado na povu. Akavaa viatu. Muuguzi alimwona akiingia duka la dawa. Tangu hapo hajarudi.

Uliahidi. Nakusubiri.

Baba


22 Mei

Baba,

Shikamoo. Mama yuko kwangu. Alifika na mkoba tu.

Daktari alimpokea vizuri, akampa kiti nyuma ya kaunta. Mama akamuuliza kwa nini hakumwambia miaka yote hii. Akamjibu, "Shemeji, ningekuambia, ungemwamini nani?" Ndilo analorudia mpaka sasa, hapa jikoni, na anapolala: "Ningemwamini nani." Hali chakula. Jana alitoka peku, jirani akamrudisha kutoka barabara kuu. Jina lako likitajwa anaondoka chumbani.

Lakini niliahidi. Nimekata tiketi ya basi la mwisho wa mwezi. Mume wangu hajarudi, kwa hiyo jirani atakaa na mama.

Mwanao


26 Mei

Binti yangu,

Salamu kwako na kwa watoto. Za mama yako usimpe kama zitamwumiza.

Wakili kijana wa ofisi yangu ya zamani alikuja. Nimeapa mbele yake yote niliyokuandikia, naye ameyapeleka kwa baraza la madaktari. Nikamtuma muuguzi amwombe daktari aje anione. Daktari akamsikiliza, akamuuzia dawa yangu ya maumivu, akamweleza vizuri namna ya kuinywa, kisha akamhudumia mteja aliyefuata.

Usije. Ile ahadi naifuta. Nilikubana kwayo kama nilivyokuwa nikiwabana mashahidi. Naogopa, sitakuficha, chumba hiki ni kikubwa mno kwa mtu mmoja. Lakini muuguzi yupo.

Jirani hamjui mama yako. Kaa naye wewe. Mlishe kwa mkono wako, na akitaka kutoka, toka naye. Barua hii usiijibu. Ukiinama kuandika, hutamwona akifungua mlango.

Baba