Saa ya Mwenyekiti na Korongo la Gulwe

Wandugu wapanda baiskeli wa Dodoma, wenzangu katika mapambano ya kudai nafasi barabarani na fikra vichwani, nawasalimu. Juma hili sanduku la safu hii limepokea barua nyingi kuhusu breki na matairi, nami nimeziweka zote kando kwa ajili ya moja. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa kuwa hasira haikuniruhusu kuketi. Isomeni nanyi, kisha mnisikilize.

*

Mshauri wetu mpendwa, Komredi Restuta,

Naomba unishike mkono kabla sijaamua vibaya. Mimi ni Naima, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Kondoa, na hadi mwezi uliopita nilikuwa kiongozi wa njia katika chama chetu cha baiskeli, cheo nilichokipenda kuliko hata masomo yangu, Mungu anisamehe, mpaka ilipokuja safari ya Gulwe, ambapo tuliondoka alfajiri nami nikiongoza kwa ramani ya simu, na simu ikaisha chaji mara tu baada ya kuipita Mpwapwa, nikawaambia wenzangu ukweli, na mwenyekiti wetu Wilbert akasema hakuna shida, saa yake ya mkononi ina njia yote aliyoirekodi mwenyewe mwezi wa Agosti, basi tukaifuata hadi ikatufikisha ukingoni mwa korongo na kutuelekeza tuteremke, twende juu ya mchanga kipande kirefu, ndipo tutokee ng'ambo, kwa sababu Agosti mchanga ule ni barabara kabisa, mikokoteni ya ng'ombe hupita humo na watu huchimba visima humo humo, lakini sisi tulikuwa Januari, na milima ya upande wa Mpwapwa ilikwisha kuwa myeusi kwa mvua.

Nikasema tusiingie. Wilbert akanitazama: "Dada Naima, simu yako imekufa, sasa unataka kubishana na satelaiti?"

Abubakari, anayetutengenezea cheni, akamjibu, "Satelaiti iko juu, kaka. Sisi ndio tutakaolowa."

Watu wakacheka, Wilbert hakucheka, akamwambia Batholomeo atangulie, na Batholomeo, ambaye hajui kumkatalia mtu, akateremka, nami nikapiga kelele arudi, akageuka kunitazama, na maji yakaja yana rangi ya udongo, yamebeba matawi, yakamkuta katikati ya mchanga. Tulifunga tyubu zetu za akiba zikawa kamba, tukamvuta. Aliumia bega. Baiskeli yake hatujaiona hadi leo.

Katika kikao kilichofuata Wilbert alisema kelele zangu ndizo zilizomfanya Batholomeo asite, kwamba angeendelea kukanyaga pedali angekuwa ameshatoka, na kikao kikapitisha kwamba mtu yeyote asiye na saa kama ya mwenyekiti hataongoza njia, na Jumamosi hii tunarudi Gulwe kwa njia ile ile, ili, kwa maneno yake, "tuondoe woga." Sasa mjomba wangu Hashimu yuko Dar es Salaam, anarudi Ijumaa asubuhi, na ameahidi kuniletea kifaa kimoja cha GPS nitakachochagua: kipo cha saa, chembamba, kina kioo cha kugusa, kinapima mpaka mapigo ya moyo; na kipo cha kufunga kwenye usukani, kinene kama kipande cha sabuni ya kufulia, chenye vitufe na betri za kubadilisha. Nakitaka hiki kinene, lakini nikikichukua nitapanda nyuma huku nikiwaona wenzangu wakiteremka tena korongoni, na nikichukua saa nitarudi mbele, na huenda nikiwa mbele wakanisikiliza. Na kuna nyakati najiuliza kama kweli ni sauti yangu iliyomponza mwenzangu. Nichague kipi?

Naima, Kikuyu, Dodoma

*

Naima,

Nitaanza na swali ulilolificha mkiani mwa barua. Hukumponza Batholomeo. Aliyemponza ni yule aliyemtanguliza mwenzake mahali ambapo yeye mwenyewe hakutia hata tairi la mbele. Aliyeita "rudi" hawezi kushtakiwa na aliyesema "nenda." Shaka hiyo si yako, umevalishwa. Ivue.

Sasa nikugombeze. Kiongozi wa njia anaondoka alfajiri kwenda Gulwe akitegemea simu moja, bila chaji ya akiba? Hilo ni kosa, na ni lako. Tena simu ilipozima, uliiacha sauti yako izime nayo nusu, hukusema neno juu ya njia ya Wilbert mpaka mlipofika ukingoni. Na leo unataka kuvaa saa ili upewe ruhusa ya kusema jambo ambalo macho yako yaliliona bila kuvaa chochote. Tangu lini uongozi ukafungwa kwa mkanda kwenye kifundo cha mkono? Kikao kinachompima kiongozi kwa pambo lake kimejigeuza duka la vito.

Mwambie mjomba akuletee kile kinene. Kioo cha kugusa hakitofautishi tone la mvua na kidole, na kidole chenye tope hakikitambui kabisa. Kitufe hubonyezwa hata kwa kidole kilichokufa ganzi. Saa itakudai umeme na waya wake maalumu. Betri za tochi utazipata kwenye duka lolote la Gulwe. Kikiwa kwenye usukani utakisoma bila kuachia mpini. Mjomba ahakikishe ramani zimehifadhiwa ndani, kwa maana ukiipita Mpwapwa mtandao huja na kuondoka upendavyo. Akikipata chenye uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kwa satelaiti, hicho ndicho. Habari ya mapigo ya moyo aiache dukani. Yako uliyasikia vizuri pale ukingoni.

Lakini usije ukajidanganya, Naima. Ukiiingiza njia ya Agosti ndani ya kifaa chako, nacho kitakupeleka korongoni kwa utiifu ule ule. Kifaa hukumbuka mtu alipita wapi. Hakijui huu ni mwezi gani. Basi kabla ya Jumamosi chora njia mpya inayofuata barabara na daraja, hata kama inazunguka, na uwagawie wote.

Kisha njoo kwenye mkutano wa Ijumaa na hoja, usije na ombi. Udai kila njia ya chama ipewe jina la mwezi ambao ilirekodiwa, na njia za kiangazi zisifunguliwe wakati wa mvua. Udai kwamba mmoja akikataa kuteremka korongo, wote wanasimama. Udai azimio la saa lifutwe. Wakikataa, usiende nao, na uwaambie kwa nini, kwa sauti ile ile ya ukingoni. Mimi nitaunga mkono, na Abubakari pia.

Ndugu Wilbert, najua unasoma. Woga hauondolewi kwa kumrudisha mtu mahali alipotaka kufa. Njoo ujitetee, tutakusikiliza kwa heshima ambayo Naima hakuipata.

Wandugu, tunakutana Ijumaa hii, saa kumi jioni, kwenye banda letu la baiskeli, Kikuyu. Fikeni mapema. Batholomeo atakuja kwa miguu. Mwachieni kiti cha mbele.